Toka Nitoke

Fomu ina mistari mitatu.
"Eleza kilichotokea," imeandikwa,
halafu mistari mitatu, kwa miaka kumi na mmoja.
Ayuma akaitazama kama aliyepewa kijiko
akaambiwa ahame na kisima.
Karani wa korti ya Maseno, kijana wa sweta iliyotoboka viwiko,
akapenyeza karatasi tupu chini ya kioo:
"Endelea huku. Andika Kiswahili, mama. Hakimu atasoma."

Mkono wake wa kuandikia ulikuwa kwenye bendeji.
Nikaandika mimi, yeye akisema,
na alisema kwa tarehe, si kwa machozi:
Jumapili ya Matawi, mwiko wa ugali.
Siku ya kufungua shule, maji ya chai.
Juzi, mlango, vidole, mlango.
"Mlango umeshautaja," nikamwambia.
"Andika mara mbili."

Kwa chifu tulishapita.
Alisema mambo ya chumbani hayapigwi muhuri.
Kituoni tukapewa namba ya OB,
nikaiandika nyuma ya risiti ya sukari.
Daktari aliijaza P3 bila kuinua macho
mpaka alipofika vidoleni.
Fotokopi shilingi kumi ukurasa. Nakala tatu:
ya korti, ya polisi,
na ya yule anayeshtakiwa.
Hiyo ya tatu niliibeba mimi,
haikuwa nzito, lakini nilibadilisha mkono.

Mbele ya kamishna wa viapo Ayuma akaapa.
Nami nikaapa, maana niliona.
"Uhusiano wako na mlalamikiwa?"
"Ndugu yangu."
"Ndugu wa namna gani?"
Ni haki yake kuuliza. Undugu wetu ni mwingi,
wa kanisa, wa chama, wa kuombana chumvi.
"Toka nitoke," nikasema.
Akafunga kalamu, akanitazama,
akaifungua tena.

Odera aliacha shule darasa la nne.
Alipakia mchanga kule Kisian, lori kwa lori,
ili mimi nibaki darasani.
Huu mwandiko wenye mikia mirefu
ulilipiwa kwa sepetu.
Kwa mwandiko huo nikaliandika jina lake,
majina yote matatu, na la baba yetu mwishoni,
mahali palipoachwa wazi.

Amri ya muda ilitoka alasiri ile ile,
yeye hayupo. Ataitwa tarehe kumi na nne
aseme yake, na sisi tuwepo.
Wino ulikuwa hafifu,
karani akagonga muhuri mara ya pili.

Barabarani, kwenye kibao cha ikweta,
watoto wa shule walikuwa wakirukaruka,
mguu huku, mguu kule,
wakibishana mstari wenyewe uko wapi.
Ayuma akasimama.
Akauliza kama zile hatua mia mbili
zinahesabiwa kwa miguu yake
au kwa miguu ya Odera.
Sikujua. Tukarudi ndani kuuliza.
Ni mita, karani akasema. Mita hazina miguu.

Usiku simu yangu ikaita.
Askari alikuwa ameshamfikia, kwa pikipiki,
akampa karatasi na kumwonyesha pa kutia kidole gumba.
"Adikinyi," akasema, "nisomee."
Kama siku zote: barua ya ushirika,
maelezo ya dawa ya ng'ombe,
ujumbe wa harusi yake mwenyewe.
Nilikuwa na nakala. Nikamsomea.
Asikaribie nyumba.
Asikaribie shule wanakosoma watoto.
Asimpigie simu.
Akivunja, akamatwe.

Kimya. Nyuma yake nikasikia kuku wa mama
wakigombania pa kulala.
"Huu ni mwandiko wako," akasema.
Ule wa kiapo, ndiyo. Hajui kusoma
lakini mikia anaijua.
"Sawa. Basi mwambie Ayuma kwamba—"

"Subiri," nikasema. "Kuna mstari umebaki."
Nikausoma polepole, kidole kikifuata maneno
kama alivyonifundisha kufuata, yeye asiyejua:
wala asimtumie mtu yeyote.

"Hata wewe?"

Nikausoma tena.